Mtoto Hakumharibia Lauryn Hill Kazi



Juzi kwenye singo ya biharusi mmoja nilimsikia shoga yake akimpa nasaha: "Usikimbilie kuzaa. Ukishika mimba tu, kazi yako basi." Wenzake wote wakaitikia. Nilinyamaza kwa kuchunga shughuli ya watu, lakini leo nasema.

Nilimkumbuka Lauryn Hill wa Marekani. Mwaka 1996 yeye na wenzake wawili wa kundi la Fugees walitoa The Score, albamu iliyouza mamilioni. Watu wakawa wanasubiri albamu yake mwenyewe. Ndipo akapata uja uzito, na washauri hawakukosekana: tumia akili, fikiria kazi kwanza. Hakuwasikiliza. Mwanawe Zion alizaliwa Agosti 1997, na kisa hicho akakitungia wimbo, To Zion, aliompigia gitaa Carlos Santana.

Sasa hesabuni nami. The Miseducation of Lauryn Hill ilianza kurekodiwa mwishoni mwa 1997, mtoto angali mchanga. Sehemu ilirekodiwa New York, sehemu Jamaica, kwenye studio ya Tuff Gong ya Bob Marley, babu wa mtoto huyo. Ilipotoka tarehe 25 Agosti 1998, mama alikuwa na mimba ya pili. Binti alizaliwa Novemba. Kazi yote ilifanyika baina ya uzazi na uzazi, na mwenyewe ana miaka 23 tu.

Februari 1999 akapata Grammy tano usiku mmoja, ikiwamo ya albamu bora ya mwaka. Hapakuwa na albamu ya hip hop iliyowahi kuipata tuzo hiyo. Na haikuchuja: mwaka 2024 Apple Music iliiweka ya kwanza katika orodha yake ya albamu 100 bora.

Najua mtakayonijibu. Mtasema hakuwa ameolewa na baba wa watoto. Kweli, na mipaka yetu tunaijua. Simleti hapa awe kigezo cha ndoa. Lakini yule wa kwenye singo anaingia kwenye ndoa ya halali, na bado mtoto wake anahesabiwa hasara kabla hajaja.

Mtasema mbona hajatoa albamu nyingine ya studio mpaka leo? Kumsingizia mtoto ni dhulma. Mwaka ule ule wa 1998 wanamuziki wanne walimshitaki, wakidai hawakutajwa ipasavyo katika utunzi na utayarishaji wa nyimbo. Shauri likamalizwa nje ya mahakama mwaka 2001. Walioshitaki ni watu wazima aliofanya nao kazi. Zion hakudai jina wala fungu.

Mtasema alikuwa na pesa. Hapo ndipo nilipotaka mfike! Basi kumbe kinachomwangusha mama si mtoto, ni kukosa wa kumshika mkono. Ni mume anayeona nepi ni kazi ya kike, na mwajiri anayenuna akisikia likizo ya uzazi. Mbona hao hawapewi nasaha?

Jina la albamu linakumbusha kitabu cha Carter G. Woodson cha mwaka 1933, kuhusu watu weusi wa Marekani kufundishwa hadi wajidharau wenyewe. Na sisi tuna somo letu potofu, tunalirithishana kwenye singo na hina: kwamba tumbo la mwanamke ni adui wa kichwa chake.

Kuzaa lini ni shauri la mke na mumewe. Ila ukienda kumsinga biharusi, usimtishe na mtoto ambaye Mola hajamleta. Mtishe bwana harusi: muulize usiku mtoto akilia, na mama ana kazi asubuhi, nani atambeba?