Mtoe Mwanao, Lakini Usinyamaze

Liko jambo linalosemwa sana vibarazani na visimani katika pwani yetu, toka Kilwa Masoko mpaka Lindi mjini, lakini mikutanoni halisemwi. Jambo hilo ni malezi ya watoto wachanga wanaoachwa vituoni wakati mama zao wamekwenda kazini. Mama aona mwanawe harudi kama alivyompeleka: amelowa tangu asubuhi, makalio yamechubuka, maziwa aliyomkamulia yamechacha, na mtoto mwenyewe amelegea. Ajiuliza: nimtoe au nivumilie?

Wako wanaojibu haraka, "Mama na akae nyumbani alee." Ndugu hao wasahau chakula chao chatoka wapi. Mama wa Songosongo anayelima mwani hawezi kuiambia bahari imngoje. Maji ya bamvua yakitoka, lazima ashuke. Mama wa shamba la ufuta, mama anayekaanga samaki Kivinje, mwalimu na muuguzi, wote wanatia kitu chunguni. Mwenye mshahara amepewa likizo ya uzazi ya siku 84 na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Likizo ikiisha, mtoto hajatimiza miezi mitatu, na waganga watuambia mpaka miezi sita asipewe chakula kingine ila maziwa ya mama. Sheria hiyo yamruhusu mama kunyonyesha mpaka saa mbili kwa siku wakati wa kazi. Saa hizo zafaa nini ikiwa mtoto yuko mbali na mwajiri amekunja uso?

Kwa hiyo kituo si anasa. UWT ilipoundwa mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed akiwa mwenyekiti wake, akina mama waliitwa waje katika ujenzi wa taifa. Aliyemwita mama kazini hana budi amwangalie na mtoto. Ndiyo maana mwaka 1981 Bunge lilitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana, na mwaka 2009 mambo hayo yakaingizwa katika Sheria ya Mtoto. Haifai mtu kukusanya watoto wa watu na kujiita mlezi bila kibali.

Sasa tulijibu swali. Makosa ni ya namna mbili. Liko kosa la upungufu: mikeka ni michache, au siku moja yaya amechelewa kubadili nepi. Hilo lasemeka na latengenezeka. Mama na mlezi wakae wazungumze. Lakini liko kosa la dharau: yaya mmoja amerundikiwa wachanga asioweza kuwahudumia, mtoto analazwa peke yake na chupa mdomoni, anapewa dawa ili alale asilie, maji hayachemshwi, na mama akija ghafla anazuiwa mlangoni. Hapo hakuna la kungoja. Mchanga hana kauli, na akiharisha hukaukiwa maji upesi. Mama amtoe siku hiyo hiyo, wala asione haya kwa kuwa mwenye kituo ni jirani, ni wifi au ni mtu mkubwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Lakini kumtoa ni nusu ya kazi. Wengi wetu twaogopa maneno ya watu. Mama amtoa wake kimya kimya, ampeleka kwa bibi yake, na kusema, "Sitaki ugomvi." Kesho nafasi ile yachukuliwa na mtoto wa mama mgeni, aliyeletwa na kazi, asiye na bibi wala shangazi mjini. Hiyo si stara. Ni kumwachia mwenzako shimo ulilokwisha kuliona. Na sheria haikubali. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto chamtaka kila mtu mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa, azipeleke kwa serikali ya mitaa. Si hiari, ni wajibu.

Wengine watasema, "Tukishitaki, kituo kitafungwa, na hakuna kingine." Hofu hiyo ni ya kweli, wala hatuidharau. Lakini sisi hatutaki kituo kifungwe, twataka kitengenezwe. Kituo kinachodhuru watoto hakiwezi kulindwa kwa sababu tu ni cha pekee.

Basi wanachama wafanye nini? Kwanza, wazazi wa kituo kimoja wakutane, wachague wenzao wachache wa kukitembelea saa yoyote bila kuaga. Pili, wakiona makosa wayaandike, wampelekee mtendaji wa kijiji au mtaa na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yao. Tatu, viongozi wa matawi waache kudhani haya ni mambo ya wanawake. Baba anayejua bei ya korosho mpaka senti ya mwisho, naye hajui mwanawe anashinda wapi, huyo hajajua mali yake. Nne, tuwatendee haki walezi. Yaya asiyelipwa kwa wakati, anayeshinda na watoto toka alfajiri bila wa kumpokea, hata akiwa na moyo mwema atachoka. Wazazi tulipe ada kwa siku yake, na korosho zikiuzwa tusiwe wa kwanza kununua redio na wa mwisho kulipa mlezi.

Nembo ya taifa letu imeandikwa Uhuru na Umoja. Mama ana uhuru wa kumtoa mwanawe leo. Umoja ni sisi wengine kutomwacha aseme peke yake.