Nahau za paka na mbwa hazitatufundisha Kiingereza

Ikiwa una simu yenye WhatsApp hapa Kigali, huenda umo katika angalau kundi moja la kujifunza Kiingereza. Kila asubuhi linaletwa neno la siku au nahau ya siku. Jumatatu unaambiwa kwamba Mwingereza akiona mvua kubwa husema inanyesha paka na mbwa, “it's raining cats and dogs”. Jumanne unaambiwa kwamba mtu akifa huwa amepiga ndoo teke, “kick the bucket”. Watu wanashukuru, wanatuma vidole gumba, kisha wanakwenda kazini na kumwandikia bosi barua pepe yenye makosa yale yale ya mwaka jana.

Sina ugomvi na nahau. Kila lugha ina zake, na mgeni anayezijua hupendeza. Lakini hiyo ya paka na mbwa siku hizi utaikuta zaidi katika vitabu vya wanafunzi kuliko midomoni mwa Waingereza wenyewe. Hiyo ya ndoo ni ya mzaha, na ukiiandika katika barua ya rambirambi umetukana msiba. Ni sawa na mgeni aliyeokota Kiswahili mitaani, akafika matangani na kuwaambia wafiwa kwamba mzee wao “amekata kamba”. Neno lipo, linaeleweka, na wafiwa hawatamsahau.

Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi wa Kigali hakosei Kiingereza ovyo ovyo. Hujikwaa mahali pale pale, kwa sababu zile zile, na sababu hizo zimo ndani ya lugha alizokuja nazo darasani: Kinyarwanda cha nyumbani, Kifaransa cha shule za zamani, na Kiswahili cha sokoni na mpakani. Somo lianzie hapo anapojikwaa. Na mwalimu aruhusiwe kutaja lugha hizo kwa majina yake, bila kunong'ona.

Nitoe mfano wa wodini. Nesi asiyejua Kinyarwanda anamuuliza mgonjwa: “You haven't taken the tablets?” Mgonjwa hajameza vidonge. Kwa Kinyarwanda angejibu “Yego”, kwa Kiswahili “Ndiyo, sijameza”, kwa sababu sisi hukubaliana na sentensi ya muulizaji: ulivyosema ndivyo ilivyo. Mwingereza haangalii sentensi ya muulizaji. Yeye hujibu kuhusu vidonge vyenyewe: havijamezwa, basi jibu ni “No”. Mgonjwa wetu akisema “Yes” na kunyamaza, nesi anaweza kuandika kwamba dawa zimemezwa. Hakuna nahau itakayomwokoa mgonjwa huyo. Kitakachomwokoa ni kanuni moja fupi ambayo mtoto wa darasa la nne anaiweza: ukiulizwa swali la kukanusha kwa Kiingereza, usiishie kwenye “Yes” au “No”. Malizia sentensi yako, “No, I haven't”, na utakuwa salama.

Wenzetu waliosomea Kifaransa wana mitego yao, na hiyo ni mibaya zaidi kwa sababu inavaa sura ya rafiki. Kwa Kifaransa “éventuellement” maana yake ni huenda, ikitokea hivyo. Kwa Kiingereza “eventually” maana yake ni hatimaye. Jambo litafanyika, hata likichelewa. Sasa chukua mfanyabiashara wa hapa mjini anayemwandikia muuzaji wa Mombasa kwamba “we will eventually take 200 bags”. Yeye anafikiri amesema labda tutachukua magunia 200. Yule wa Mombasa amesoma kwamba mwishowe atayachukua, ni suala la muda tu, na anaanza kutafuta lori. Watakapogombana kila mmoja atakuwa na barua mkononi, na kila mmoja ataamini kwamba mwenzake ni mwongo.

Kuna pia “demand”. Mfaransa akitumia “demander” anaomba tu, kwa adabu zake zote. Mwingereza akisema “demand” anadai, ngumi i juu ya meza. Karani anayeandika “I demand three days of leave” alikusudia kupiga goti, na bosi aliyesoma shule Kampala au Nairobi anaona ameamriwa. Ruhusa ikikataliwa, karani hatajua kamwe kwamba amenyimwa na kitenzi.

Umri nao ni kichekesho. Kinyarwanda kinasema “mfite imyaka 20”, Kiswahili kinasema “nina miaka 20”, Kifaransa kinasema “j'ai 20 ans”. Mashahidi watatu wote wanasema mtu ana miaka. Kiingereza peke yake kinasema mtu ni miaka 20. Kijana akisema “I have 20 years” kwenye usaili, ana lugha tatu nyuma yake zinazomuunga mkono, na kazi bado ataikosa. Ya “he” na “she” sitayachambua. Kila mtu amewahi kusikia mama akiitwa “he”, kwa kuwa “yeye” wetu hajali nani mwanamume na nani mwanamke.

Lakini lugha zetu si mashimo ya kutumbukia tu, ni ngazi pia, na hapa ndipo naona tunapoteza mali. Walimu hutoka jasho kufundisha tofauti ya “borrow” na “lend”. Kinyarwanda tofauti hiyo kinayo, tena imekaa vizuri: gutira ni kuazima kitu kwa mtu, gutiza ni kumpa mtu kwa kuazima, kuguza ni kukopa fedha, kuguriza ni kukopesha. Kiswahili nacho kina kukopa na kukopesha. Kwetu neno ni moja, linabadilika mwishoni tu. Kwa Mwingereza ni maneno mawili yasiyojuana. Mwalimu anayeruhusiwa kutamka “gutiza” darasani anamaliza somo hilo kwa dakika moja. Aliyekatazwa atachora mishale ubaoni kipindi kizima, na watoto wataondoka wakijua kuchora mishale.

Au chukua “ejo”. Mnyarwanda hutumia neno hilo kwa jana na kwa kesho, wala hachanganyikiwi, maana kitenzi chake ndicho kinachobeba wakati. Basi mtoto huyo tayari anajua jambo kubwa kuhusu sarufi: kwamba kitenzi kinaweza kusema lini. Anachotakiwa kuambiwa ni kwamba Kiingereza kinataka alama hiyo mara mbili, katika neno la siku na katika kitenzi pia, “yesterday” pamoja na “went”. Ukimwambia hivyo, anaelewa. Ukimpa orodha ya vitenzi 60 akariri bila kumwambia sababu, atakuandikia “yesterday I go” mpaka anastaafu.

Sauti za l na r zinastahili aya yao. Anayesema Kinyarwanda tu huzisikia kama sauti moja, na Kiingereza hakimsamehe: “rice” ni mchele na “lice” ni chawa, “correct” ni kusahihisha na “collect” ni kukusanya au kwenda kuchukua. Ankara ya kusahihishwa na ankara ya kwenda kuchukuliwa ni safari mbili tofauti. Hapa Kiswahili ndicho mwalimu bora, kwa kuwa kinatenganisha sauti hizo katika maneno ambayo mtu wa Kigali anayahitaji kila siku. Mahali si mahari. Kula si kura. Fahari si fahali, ingawa nimewahi kumsikia msemaji mmoja jukwaani akiitangaza “fahali ya taifa letu”, na watu wakampigia makofi dume hilo la ng'ombe. Ulimi uliozoea kutenganisha mahali na mahari hautasumbuka sana mbele ya “collect” na “correct”.

Kwa nini haya yana uzito? Tukumbuke tulikopita. Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na walimu ambao wengi wao walikuwa wamesomea Kifaransa wakajikuta wanafundisha sayansi kwa lugha ambayo wao wenyewe walikuwa wanajifunza. Mwaka 2011 madarasa matatu ya kwanza yalirudishwa kwenye Kinyarwanda. Desemba 2019 Wizara ya Elimu ikatangaza Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Katika miaka 11, lugha ya watoto wadogo imebadilishwa mara tatu. Sipingi Kiingereza. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Jumuiya ya Madola mwaka 2009, na Mkataba wa Jumuiya yetu, katika kifungu cha 137, ulikiweka Kiingereza kuwa lugha rasmi huku ukitaka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu. Nyaraka za forodha, mikataba na matangazo ya kazi vitaendelea kuja kwa Kiingereza. Kwa hiyo tukifundishe hasa, badala ya kukipamba.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza huingia kwa Kiingereza tu: mtupe mtoto majini, ataogelea. Hoja hiyo ina ukweli pale maji yalipo. Mtoto wa Kigali mwenye televisheni nyumbani na jirani aliyerudi kutoka Uganda ana maji ya kutosha. Mtoto wa kijijini Nyaruguru anasikia Kiingereza kutoka kwa mtu mmoja tu, mwalimu wake. Hilo si ziwa, ni beseni. Ukimkataza mwalimu huyo Kinyarwanda, watoto hawaongezewi Kiingereza hata tone. Wanachoongezewa ni ukimya.

Mbaya zaidi ni ile tabia ya kumwadhibu mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama yake. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, alipokumbuka Kenya ya mkoloni, ambako watoto waliosema Kigikuyu shuleni walichapwa au kuvishwa vibao vya kuwadhihaki. Mkoloni alikwishaondoka. Wenye shule binafsi katika nchi zetu wanaotoza faini ya “vernacular” wanamfanyia kazi yake bila mshahara, tena wazazi wanalipa karo juu yake.

Tuje kwenye msamiati. Mwingereza Michael West, aliyefundisha miaka mingi Bengal, alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza. Imezeeka, na nyingine mpya zimeifuata, lakini fikra yake bado ni nzima: anza na maneno yanayobeba mzigo mkubwa. Mengi ni madogo. “Get”, “put”, “look”, “turn”. Ugumu unakuja yakiunganishwa na vijineno vinavyofuata: “put off” ni kuahirisha, “turn down” ni kukataa, “look into” ni kuchunguza. Bosi akikujibu “I'll look into it” hajasema atatazama ndani ya kitu. Na akikuambia “I'll get back to you”, usikae ofisini kwake ukisubiri arudi. Maneno haya kumi kumi kila wiki yana faida kuliko nahau zote za makundi ya simu.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi hapa tangu 2017, lakini wengi bado wanakiona kama mzigo wa nne kichwani mwa mtoto, au lugha ya wajanja wa Nyamirambo. Wanasahau kwamba hata asiyejua Kiswahili mjini hapa anahesabu saa kwacho: saa moya, saa mbiri, saa tatu. Hapo pia pana funzo la Kiingereza, kwa maana saa mbili yetu ya asubuhi ni “eight o'clock” yao. Mwenye miadi na mgeni na alijue hilo kabla ya kulaumu usafiri. Na ukimwambia mgeni huyo aliyejikwaa “sorry”, kama tunavyosema pole, atakushangaa na kukuambia si kosa lako. Waganda hawaoni haya juu ya Kiingereza chao. Bernard Sabiiti aliwatungia kamusi yake, Uglish, mwaka 2014. Sisi hata orodha ya makosa yetu hatujaiweka mezani.

Nashauri iwekwe. REB, bodi yetu ya elimu ya msingi, itoe kijitabu chembamba kwa kila mwalimu wa shule ya msingi, chenye kosa, lugha lilikotoka, maelezo kwa Kinyarwanda au Kiswahili, na sentensi tano za mazoezi. Kisiandikwe na mtaalamu anayetua Kanombe Jumatatu na kuondoka Ijumaa. Waandike walimu wa vijijini wenyewe, wawili watatu kutoka kila wilaya. Orodha tayari wanayo. Imo katika madaftari waliyosahihisha kwa wino mwekundu muhula uliopita.