Anayeomba Kura Tena Atoe Hesabu Kwanza



Kila mwaka vijana wetu walioko vyuo vikuu huingia katika uchaguzi wa serikali za wanafunzi. Wapo walio karibu, katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hapa Pemba, na wapo waliovuka bahari kwenda Unguja, Dar es Salaam na Mwanza. Miongoni mwao wamo waliokwisha kuongoza na ambao, pale katiba ya umoja wao inaporuhusu, huomba kurudishwa madarakani. Maoni yetu ni kwamba kugombea tena si kosa. Lakini anayeomba kura mara ya pili ana deni ambalo mgombea mpya hana, nalo ni deni la hesabu.

Asiwepo wa kusema kwamba haya ni mambo ya watoto. Historia ya nchi yetu inaonyesha kinyume. Julai 1971, Symonds Akivaga, mwanafunzi kutoka Kenya aliyekuwa Rais wa umoja wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (DUSO), alikamatwa na kufukuzwa chuoni baada ya kumwandikia Makamu wa Mkuu wa Chuo barua ya wazi. Machi 1978 wanafunzi wa chuo hicho waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi wa nchi. Wengi walifukuzwa, DUSO ikapigwa marufuku, na mahali pake pakawekwa MUWATA, chombo kilichokuwa chini ya chama tawala. Umoja wa wanafunzi wenye kujitawala ulirudi mapema katika miaka ya 1990. Kwa hiyo kura anayopiga kijana chuoni leo ina gharama iliyolipwa na waliomtangulia. Kuiuza kwa sahani ya pilau ni kuwadharau.

Sisi wa Pemba tunayo sababu nyingine ya kulitazama jambo hili kwa makini. Tarehe 22 Oktoba 1995 Rais wa Zanzibar aliyekuwa madarakani aliomba kurudishwa, na matokeo yaliyotangazwa yalimpa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za mpinzani wake. Upande mmoja haukuyakubali. Baada ya hapo tuliona ndugu wakisusiana maduka na hata misiba. Mwaka 2000 ulizuka mjadala wa kuibadili Katiba ya Zanzibar ya 1984 ili Rais agombee kipindi cha tatu. Chama chake hakikuridhia, na kikomo cha vipindi viwili kikabaki. Lakini uchaguzi wa mwaka huo nao uliishia katika maafa ya Januari 2001, watu wasiopungua 30 walipouawa, wengi wao kisiwani humu, na wengine wapatao 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Hatusemi kwamba uchaguzi wa chuo ni sawa na uchaguzi wa nchi. Tunasema kwamba tabia ya kushinda kwa haki, na ya kushindwa kwa amani, hujifunzwa mapema au haijifunzwi kabisa.

Basi, mwenye kuomba tena apimwe kwa nini? Maandiko Matakatifu yanatupa kielelezo. Nabii Samweli, alipokuwa mzee, alisimama mbele ya taifa lote na kuwataka watu washuhudie kama aliwahi kuchukua ng'ombe au punda wa mtu, kumdhulumu yeyote, au kupokea rushwa. Hakuanza kwa kueleza atakayoyafanya. Alianza kwa kujiweka wazi kwa yale aliyokwisha kuyafanya. Kwa kielelezo hicho tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, fedha. Mwanafunzi hulipa mchango wa umoja pamoja na ada, na mara nyingi mzazi ndiye aliyeuza karafuu au samaki ili upatikane. Kiongozi aliyepita abandike taarifa ya mapato na matumizi kabla hajachukua fomu ya kugombea.

Pili, usawa. Aliye madarakani ana ofisi, muhuri na mlango ulio wazi kwa uongozi wa chuo. Mpinzani wake hana. Asitumie hata karatasi moja ya ofisi katika kampeni, wala asichague yeye watu wa kamati ya uchaguzi itakayohesabu kura zake.

Tatu, uaminifu kwa waliomtuma. Mikopo ilipochelewa, alisimama na nani? Kiongozi aliyeifanya ofisi kuwa ngazi ya kupandia katika chama cha siasa, au aliyewagawa wenzake kwa dini, kwa Uunguja na Upemba, kwa bara na visiwani, hastahili kurudishwa hata kama ni Mkatoliki mwenzetu. Sisi tulio wachache kisiwani humu tunaishi kwa heshima ya jirani. Kumpigia mtu kura kwa sababu ya ubatizo wake tu ni kuihujumu heshima hiyo.

Wapo wanaotoa hoja kwamba mwaka mmoja ni mfupi mno, na kwamba kiongozi hujifunza kazi pale muda unapomalizika. Hoja hiyo ina uzito. Uzoefu ni mali, na kuutupa ovyo ni hasara. Lakini uzoefu uthibitishwe kwa matendo, wala usiwe kisingizio. Na wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa za mwaka wa kwanza zisitumike kufunika uzembe wa mwaka wa pili.

Na akishindwa? Hapo ndipo malezi yetu yanapopimwa. Ampe mshindi mkono, amkabidhi vitabu na funguo, arudi darasani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wazazi na viongozi wa walei, kijana hawezi kufuata chuoni njia asiyoiona parokiani. Kipimo hiki hiki kitufae sisi sote tunaopokea dhamana katika jumuiya, vyama vya kitume na halmashauri. Bwana wetu aliwafundisha wanafunzi wake kwamba atakaye kuwa mkubwa sharti awe mtumishi. Na mtumishi huulizwa habari za kazi yake bila kukasirika.

Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zijadili maswali haya:

1. Je, viongozi wetu hutoa taarifa ya fedha kabla ya kuomba kuchaguliwa tena?

2. Tunawasaidiaje vijana wetu waliochaguliwa vyuoni, na tunawapokeaje wanaposhindwa?

3. Ni jirani gani tuliyeachana naye kwa sababu ya uchaguzi, na nani atakwenda kumbishia hodi kwanza?