Saa ya mkononi haijui mlima wa Buraza

Mdogo wangu alipandikizwa figo nje ya nchi mwaka 2021, na figo hiyo niliitoa mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa ili msomaji ajue kwamba katika suala hili mimi si mtazamaji. Figo ile nataka idumu.

Aliporudi nyumbani Buraza alikuja na mfuko wa dawa, karatasi ya maelezo, na saa ya mkononi iliyounganishwa na simu. Kazi ya saa hiyo ni kuhesabu hatua, kupima mapigo ya moyo na kumhimiza afanye mazoezi. Ni jambo jema na siwalaumu waliompa. Lakini haikupita wiki mbili tukaanza kuona vituko. Siku aliyopanda pikipiki kwenda Gitega, saa ilimpongeza kwa kutembea sana. Siku aliyoshuka kisimani kisha akaupanda mlima hadi nyumbani, jasho likimtoka, ikamwambia kwa Kiingereza kwamba bado hajafikia lengo.

Mimi nilizaliwa na kusomea Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Kule ardhi ni tambarare. Tuliporudi Burundi mwaka 2008, miguu ilituuma mwezi mzima, na watoto wa hapa wakatucheka. Hatua mia moja za Tabora si hatua mia moja za Buraza. Hata hiyo hesabu ya hatua 10,000 kwa siku, inayotajwa kana kwamba ni amri ya daktari, ilienezwa na kifaa kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1965. Biashara ilitangulia, utafiti ukafuata.

Je, nasema basi aachwe akae? La hasha. Mama yetu ndiye aliyetaka akae. Kwake yeye mtu aliyepasuliwa ni yai, na majirani walimuunga mkono. Kila aliyemkuta mgonjwa njiani alimrudisha kitandani. Kwa wiki za kwanza walikuwa na haki, maana kidonda lazima kipone, na dumu la lita 20 si mzigo wa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Ila miezi ikapita, naye bado kitandani.

Hapo ndipo penye hatari. Dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo mpya ni lazima azinywe kila siku, lakini zina gharama yake mwilini. Prednisoloni huongeza hamu ya kula na uzito, hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na misuli. Na miongoni mwa watu waliopandikizwa figo, magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ni chanzo kikubwa cha vifo. Kwa hiyo mtu anaweza kufa figo yake ikiwa nzima! Kutembea ni sehemu ya tiba yake. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, na wenye maradhi sugu wafikie hapo pole pole, kadiri ya uwezo wao. Anayetilia shaka akumbuke kwamba tangu mwaka 1978 kuna michezo ya dunia ya watu waliopandikizwa viungo. Ilianzia Portsmouth, Uingereza, na mwaka 2025 ilifanyika Dresden, Ujerumani. Watu hao hukimbia na kuogelea.

Suala hili si la familia yangu peke yake. Kenya ilianza upandikizaji wa figo zamani, Tanzania ikaanza Muhimbili mwaka 2017, na mwaka 2023 Rwanda na Uganda nazo zikaanza katika hospitali za King Faisal na Mulago. Kadiri huduma inavyosogea karibu nasi, ndivyo watakavyoongezeka wanaorudi vijijini na figo mpya, daktari wao akiwa amebaki ng'ambo ya mpaka.

Tuwape nini? Mimi nasema tuanze na simu ya vitufe. Nchini Kenya, kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 538 walioanza dawa za ukimwi waliingizwa katika jaribio. Nusu yao walikuwa wakitumiwa ujumbe kila wiki, neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida", au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliotumiwa ujumbe walishika dawa vizuri zaidi, asilimia 62 dhidi ya 50 ya wenzao. Hakukuwa na saa wala intaneti. Nguvu yake, nionavyo mimi, ni kwamba nyuma ya lile neno alikuwepo mtu.

Naiomba wizara ya afya iwaandikishe wote waliorudi na viungo vipya, na katika hospitali za Gitega na Muyinga ateuliwe muuguzi mmoja wa kuwauliza kila wiki, kwa Kirundi: "Amakuru?" Umetembea siku ngapi? Ulipopanda mlima, uliweza kuzungumza bila kukatika pumzi? Swali hilo la pumzi linampima mtu wa milimani kuliko hatua. Na kwa aliyepandikizwa moyo ni muhimu zaidi, maana neva za moyo hukatwa wakati wa upasuaji, na mapigo huchelewa kupanda. Saa inaweza kumdanganya.

Kwa sasa swali namuuliza mimi, kila Jumatatu kabla ya kengele ya shule. Kwa kawaida hujibu "Ni meza". Wiki iliyopita alijibu "Ingorane", nikawaacha wanafunzi na kitabu nikatoka nje kumpigia. Ni goti, alisema, na dawa za siku nne tu zimebaki.