Mali Bila Daftari: Nani Anawajua Chaza Wetu?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka kuutumia msemo huo kwa mali ambayo wengi wetu hatujawahi kuihesabu kuwa mali: chaza wakubwa wa miamba ya matumbawe, ambao wanasayansi huwaita Tridacna. Makazi yao yanaanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Siku hizi wanaishi pia sebuleni, ndani ya matangi ya kioo, katika nyumba za watu wa Ulaya, Marekani na Asia walio tayari kulipa fedha nyingi kwa ajili ya rangi zao. Hoja yangu ni fupi: hastahili kummiliki chaza yule asiyeweza kumtambua, awe ni mfugaji aliyemnunua au dola inayodai kumlinda.

Najua baadhi ya wasomaji wataguna. Nchi ina matatizo ya ajira, bei za vyakula na uwajibikaji. Mhadhiri wa sera za umma ana kazi gani na chaza? Nawakumbusha kwamba tarehe 12 Julai 2016, Baraza la Usuluhishi lililoundwa chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari lilitoa uamuzi katika kesi ya Ufilipino dhidi ya China. Miongoni mwa mambo liliyoyaona ni kwamba China ilikiuka wajibu wake wa kuilinda bahari, kwa kuwaachia wavuvi wake wachimbe chaza wakubwa na kuiharibu miamba. Mataifa yalifikishana mbele ya sheria, na chaza alikuwamo katika hukumu. Siasa ya rasilimali haichagui kiumbe kwa ukubwa wa sauti yake.

Tuanze na kiumbe mwenyewe. Chaza mkubwa ni mnyama anayelima. Nyama laini inayojitokeza kati ya makombe yake mawili, ambayo hapa nitaiita joho, imejaa mwani wa chembe moja. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha mwenyeji. Chaza naye huupa mwani makazi, na taka za mwili wake huwa mbolea. Rangi za buluu, kijani na dhahabu zinazowatoa wanunuzi fedha mfukoni hutokana na chembe maalumu za johoni zinazoakisi na kutawanya mwanga. Kwa hiyo anayemnunua chaza ananunua mnyama pamoja na shamba lake, na shamba lisilopata jua hufa na mkulima wake.

Hapo ndipo suala la utambuzi linapokuwa suala la uhai. Mnunuzi wa kawaida huchagua rangi, na rangi hudanganya: chaza wawili wa spishi moja waweza kutofautiana sana, na wa spishi mbili wakafanana. Anayejua huanza na kombe. Humgeuza chaza taratibu akatazama chini, karibu na bawaba, palipo na uwazi wa kupitishia nyuzi za kujishikizia mwambani. Tridacna crocea na Tridacna maxima wana uwazi mpana. Tridacna derasa ana uwazi mdogo mno, na kombe lake ni laini. Tridacna squamosa hutambulika kwa vijigamba vikubwa vilivyoachana, kama vigae vilivyoinuliwa. Vya maxima vimebanana. Kisha hutazama tundu la kuvutia maji johoni: la squamosa lina vinyweleo vilivyotawanyika kama pindo, la Tridacna gigas halina.

Kwa nini nawachosha kwa vinyweleo na vijigamba? Kwa sababu kila jina ni hati ya mahitaji. Crocea hafiki mbali zaidi ya sentimita 15 hivi, hujichimbia ndani ya mwamba, na anataka mwanga mkali sana. Maxima naye anataka mwanga mkali, na mahali pake ni juu ya jiwe. Squamosa na derasa huvumilia mwanga wa wastani, lakini derasa hufikia sentimita 60 hivi na anahitaji tangi la kumtosha. Gigas huzidi mita moja na kilo 200. Anayemweka ndani ya tangi la sebuleni amemhukumu kifungo kinachopungua upana kila mwaka. Anayeuziwa chini ya jina la uongo atauawa kwa nia njema: atawekwa gizani akiwa wa juani, au mchangani akiwa wa mwambani.

Baada ya jina, yako masharti. Tangi liwe limekomaa kwa miezi kadhaa, maana maji mapya hayatulii. Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi, na chumvi ilingane na ya bahari. Kalsiamu iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, kwani kombe hujengwa kwayo, na mfugaji aipime mara kwa mara, kwa sababu chaza anayekua huinywa bila kuomba ruhusa. Kabla ya kumwingiza, akague kingo na sehemu ya chini ya kombe kuona kama kuna konokono wadogo weupe wenye umbo la punje ya mchele. Hao humfyonza usiku hadi afe. Asimweke pamoja na samaki wanaodonoa joho. Asimng'oe kamwe kwa nguvu akiwa amejishikiza, kwani nyuzi zikivutwa hutoka na nyama. Ukingo mweupe wa kombe jipya ni dalili ya afya. Tundu la kuvutia maji likibaki wazi na kulegea, hiyo ni dalili ya shida.

Ninakiri kuwa wako wafugaji wanaoyatimiza yote hayo kwa uaminifu wa kustaajabisha. Mzozo wangu na wao unaanzia mlangoni mwa duka, kwenye swali ambalo wengi hawaliulizi: huyu ametoka wapi?

Chaza huyu hazai kama kuku. Huanza maisha akiwa dume, kisha akikua hubeba jinsia zote mbili. Wakati wa kuzaa humwaga mbegu majini, na baadaye mayai. Utungaji hutegemea kuwapo kwa jirani aliye karibu. Mwamba uliobakiwa na chaza wawili watatu walioachana mbali unaweza kuonekana bado una chaza, ilhali uzazi wao umekwisha kuvunjika. Anayesema chaza wake mmoja hawezi kuimaliza bahari amehesabu kichwa akasahau ujirani. Na mzamiaji huwa hamchukui chaza mmoja kwa mnunuzi mmoja. Huuvuna mwamba mzima kwa ajili ya soko zima.

Dunia iliuona mtego huo mapema. Tangu miaka ya 1980 chaza wakubwa wamo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES, na hawapaswi kuvushwa mipaka bila kibali. Kibali hicho hubeba herufi ya asili: W kwa aliyetolewa porini, C kwa aliyezaliwa na wazazi waliofugwa chini ya masharti ya mkataba, F kwa aliyezaliwa kituoni bila kutimiza masharti yote ya C. Herufi moja tu, na mfugaji mwenye dhamiri anaweza kuidai kwa muuzaji. Akijibiwa kwa kuzungushwa, basi amekwisha jibiwa.

Sasa nageukia nyumbani, maana ni rahisi kumkaripia mwenye tangi wa Ulaya na kujisahau. Mwaka 1856 mwanazuoni wa Kiitalia, Bianconi, aliandika kuhusu chaza kutoka Msumbiji na kumpa jina Tridacna elongatissima. Jina hilo likazikwa. Kwa zaidi ya karne moja na nusu chaza hao walihesabiwa chini ya majina ya spishi nyingine, hadi utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020 ulipowarudishia hadhi yao: spishi kamili ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, ikiwamo Msumbiji na Madagaska. Wakati wote huo alikuwa hapa hapa, katika maji ambayo wavuvi wetu huyajua kama kiganja cha mkono.

Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu darasani, wengi wao wazaliwa wa pwani, wanitajie aina za chaza wa mwambani. Walitaja njia za kuwapika. Siwacheki, ujuzi wa chungu ni ujuzi, na akina mama wanaookota bahari ikipwa wanajua mengi kuhusu mahali na majira ambayo hayamo katika vitabu vyetu. Ninachouliza ni kwa nini ujuzi huo haujaingia darasani, na wa darasani haujashuka pwani. Mfikirie afisa wa bandari, awe wa Maputo, Mombasa au Dar es Salaam, anayefungua sanduku la chaza hai. Kibali kinasema squamosa. Je, amefundishwa kugeuza kombe na kutazama? Kama hajafundishwa, muhuri wake ni mapambo, na sheria tunayojivunia ni karatasi iliyolowa.

Wapo watakaosema dawa ni kupiga marufuku kabisa. Marufuku ni neno tamu kwa kiongozi kwa sababu haligharimu kitu siku ya kutangazwa. Lakini marufuku isiyo na afisa anayejua, wala kipato mbadala kwa mzamiaji, huhamishia biashara gizani na kumwachia maskini kesi, huku mnunuzi akiachiwa chaza. Ipo njia iliyokwisha jaribiwa. Palau imekuwa ikizalisha chaza vituoni tangu miaka ya 1980, na wanavijiji hupewa wachanga wa kulea katika vizimba vya baharini, kwa kula, kuuza na kurudisha mwambani. Ufilipino, Chuo Kikuu cha Ufilipino kupitia kituo chake cha Bolinao, chini ya Profesa Edgardo Gomez, kilileta gigas kutoka Visiwa vya Solomon, kikawazalisha na kuwapanda upya katika miamba ya nchi. Nasisitiza neno chuo kikuu. Profesa alilowa maji ya chumvi, na taifa likapata chaza.

Sisi tunashindwaje? Zanzibar wanawake wamelima mwani kwa zaidi ya miaka 30, na Jambiani wapo wanaolima sponji za baharini. Mikono ipo, maji yapo, na taasisi za utafiti wa bahari zipo Zanzibar na Mombasa. Kinachokosekana ni bajeti inayomchukulia chaza kama zao, na uamuzi wa kumweka mkulima mwanamke kama mmiliki badala ya kibarua wa mradi.

Kwa wanafunzi, nawaomba tasnifu zenye majina ya spishi zetu kwa Kiswahili na kwa Kilatini, zilizoandikwa pamoja na waokotaji wa pwani. Kwa wanaharakati, acheni kauli za jumla kuhusu bahari. Ombeni takwimu za vibali, mzisome herufi kwa herufi. Kwa watumishi wa umma, daini mafunzo kabla ya kukabidhiwa muhuri. Na kwa mfugaji yeyote mwenye tangi la kioo, popote alipo: mgeuze chaza, mtambue, kisha dai karatasi yake. Kama muuzaji hana jibu, mwache dukani. Daftari la mali hii lazima lianze kuandikwa, na lisipoandikwa na sisi, wengine watatuandikia, kama Bianconi alivyofanya mwaka 1856, kwa lugha yao na kwa faida yao.