Picha ya Kima na Mnazi Uliokatwa

Yamkini hakuna mnyama wa Unguja aliyepigwa picha nyingi kuliko kima punju. Mgongo wake mwekundu, nywele nyeupe zinazouzunguka uso mweusi, na mkono usio na kidole gumba vimekwishapamba kadi za posta, vitabu vya watalii na kuta za mahoteli. Chini ya picha huandikwa kwamba huyo ni kiumbe wa msitu wa Jozani. Msitu wenyewe, mara nyingi, haumo pichani. Laiti mpiga picha angelirudi nyuma hatua kumi, vingeonekana vile ambavyo kamera yake imevikata: mnazi, mwembe, tuta la muhogo, na mwenye shamba aliyesimama akitazama.

Makundi ya kima yaliyokwisha kuwazoea watu, ambayo wageni hupelekwa kuyaona, aghalabu hukaa nje kidogo ya msitu, upande wa kusini, katika mashamba ya miti ya wanavijiji. Hapo ndipo kima ashukapo hata akawa usawa wa bega la mtu. Hapo ndipo mwanga ulipo. Anayejigamba kuwa amemnasa mnyama wa mwituni, basi amemnasa juu ya mti uliopandwa kwa mkono, ukapaliliwa kwa jembe, na ukarithiwa na watoto wa aliyeupanda. Kuukata mti huo katika picha ni kumkata mwenyewe.

Watetezi wa kamera wana jibu lao, nalo si la kupuuzwa. Husema picha ndiyo iliyomwokoa kima. Pasipo picha wageni wasingelikuja, pasipo wageni viingilio visingelipatikana, na hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2004 isingelisimama. Hesabu iliyochapishwa 2019 ilikuta kima zaidi ya 5,800 kisiwani, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba ulipangwa mgao wa mapato uwafikie wakulima na vijiji.

Ila mkulima akilalamika kwamba vidaka vyake vimeanguka, huletewa utafiti. Mwaka 1999 wataalamu wawili, Siex na Struhsaker, walichapisha matokeo yao kuhusu kima na minazi ya Jozani: kula vidaka hakukupunguza mavuno, kwani mnazi kwa kawaida huangusha wenyewe sehemu ya vidaka vyake, na kima huenda akawa kama mwenye kuupogoa. Utafiti mzuri, wenye haki ya kusomwa. Wanaoutumia kama kizibo cha mdomo ndio wasio na haki. Nazi ilipimwa, jee, embe na majani machanga ya kila kinachopandwa yalipimwa nayo? Na hata kwa nazi, wastani wa minazi mingi haumwambii kitu mwenye minazi michache ambayo kundi zima limeifanya makao. Mtu huyo hakuajiriwa kuwa mlishaji wa wanyama wa dunia. Akilipwa kidogo huambiwa ashukuru. Akinyamaza huandikwa katika vipeperushi kuwa anaishi na wanyama kwa upendo.

Jina lenyewe, punju, lina harufu ya sumu. Wazee waliamini kwamba mti anaoulia kima huyu hupata nuksi. Wageni huicheka imani hiyo, wasijue kwamba ndani yake limo daftari la hasara. (Kima wa ngano, yule aliyemponyoka papa kwa kudai ameuacha moyo wake nyumbani, alikuwa na ulimi na akili. Huyu wa kadi ya posta amebakishiwa sura tu.)

Na hata huyo kima anayedaiwa kupendwa, picha haimtendei wema. Mwaka 2021 wataalamu wa nyani na kima walitoa mwongozo kwamba anayeonekana pichani pamoja na wanyama hao awe mbali nao mita 7 na afunike uso kwa barakoa, kwani mafua ya binadamu huwaambukiza. Picha zinazoletwa kutoka Jozani ni ushahidi dhidi ya wenyewe: bega kwa bega, tabasamu kwa tabasamu. Wako na wanaomnyooshea ndizi mbivu ili ageuke. Tumbo la kima huyu limeumbwa kuchachusha majani na matunda mabichi, hata hula makaa ya miti ili kutuliza sumu ya majani ya mwembe na mkungu. Ndizi ile ni zawadi kwa kamera.

Kisha mgeni hupanda gari. Barabara ya kusini huwagonga kima hao hao. Matuta yaliyowekwa yalipunguza vifo, hayakuvimaliza. Dereva anayekimbizwa ili abiria wake awahi machweo ya pwani naye yumo katika habari ya picha ile, japo hakuna aliyemuelekezea kamera.

Mchapishaji wa kadi na mwenye hoteli wanaweza kuanza na jambo dogo lisilogharimu hata wino mwingi: kuandika chini ya picha kwamba mti ule ni mwembe, kwamba upo shambani, na kwamba shamba lina mwenyewe. Baada ya hapo mwenye shamba atauliza picha imeuzwa bei gani, na swali hilo ndilo linaloogopwa.