Arbuni Isiyorudishwa Isilipwe kwa Fedha za Wazazi

Kila mwaka shule zetu huwapeleka wanafunzi katika ziara za masomo: Fort Jesus, magofu ya Gede, Ziwa Nakuru na kwingineko. Mwalimu anayeandaa safari hutakiwa na wenye hoteli na mabasi atoe arbuni mapema, na mara nyingi huambiwa achague: arbuni ya kurudishwa au isiyorudishwa, ambayo bei yake ni nafuu. Nashikilia kwamba fedha zikiwa za wazazi, hii ya pili haifai kulipwa pasipo idhini yao.

Mpango huu umekomaa sana katika meli za kitalii za Marekani. Chumba kimoja cha meli huweza kuuzwa kwa bei mbili. Anayelipa bei ya chini hukubali kuwa akighairi, arbuni yake imekwenda. Na akitaka kubadilisha tarehe, huenda akatozwa ada. Anayelipa bei ya juu hurudishiwa arbuni, lakini mpaka siku ya kukamilisha malipo tu, ambayo hutangulia safari kwa miezi kadhaa. Siku hiyo ikipita, akighairi naye hukatwa. Kwa hivyo, punguzo la bei si hisani. Ni ujira anaolipwa msafiri kwa kukubali kubeba hasara ambayo ingembebesha mwenye meli.

Suala hili si geni. Neno arbuni limetoka katika Kiarabu, na wanazuoni wa Kiislamu wa kale walitofautiana juu yake. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, hayakukubali muuzaji ajitwalie arbuni bure mnunuzi anapoghairi. Ya Hanbali yaliruhusu.

Hebu tupige hesabu ya kubuni. Wanafunzi 45 wanakwenda Mombasa. Hoteli inatoza shilingi 3,000 kwa kila mmoja, arbuni ikiwa ya kurudishwa, au 2,700 ikiwa hairudishwi. Shule ikichagua bei nafuu itaokoa shilingi 13,500. Ikiwa arbuni ni shilingi 40,000 na safari ivunjike, zote hupotea. Ni lazima safari tatu zifaulu ndipo hasara ya moja ifidiwe. Mfanyabiashara anayesafiri kila mwezi aweza kuridhika na hesabu hiyo. Lakini wazazi wa mwaka huu si wale wa mwaka ujao. Anayepoteza karibu shilingi 900 leo hafidiwi na mwenzake atakayeokoa 300 kesho.

Wala tusidhani kuvunjika kwa safari ni jambo la nadra. Machi 2020, shule zote nchini zilifungwa ghafla kwa sababu ya korona, na meli za kitalii zikasimama duniani kote. Mwaka 2024, mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili hadi Mei 13. Hakuna mwalimu aliyekuwa na uwezo wa kuyazuia hayo.

Wapo watakaosema kuwa shule maskini hazina budi kufuata bei nafuu. Hoja hiyo ina uzito, nami sisemi arbuni isiyorudishwa ipigwe marufuku. Tarehe ikiwa imethibitika na wazazi wakaridhia kwa maandishi, ichukuliwe. Ninachopinga ni mtu mmoja kuwaamulia wengine hatari ambayo hawakuelezwa.

Basi mwalimu aulize mambo matatu kabla ya kulipa: arbuni hurudishwa hadi tarehe gani, je, yaweza kuhamishiwa tarehe nyingine, na itakuwaje iwapo ni hoteli au mwenye basi atakayeshindwa kutimiza ahadi? Majibu yaandikwe kwenye stakabadhi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata maelezo anayohitaji. Wahenga nao walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Nanyi wanafunzi, ombeni mfanye hesabu hii darasani kabla ya ziara yenu. Fedha mnazokabidhi shuleni ni amana mikononi mwa mwalimu, na mwenye amana hana ruhusa ya kuicheza bahati nasibu.